Lupus bila kipepeo: sikio lililoziba, baka la utosini na nywele za mbele zinazokatika

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 34, nauza mitumba hapa Busia, upande wa Uganda. Mwaka jana nywele za utosini zilianza kutoka, pakabaki baka la duara, katikati jeupe, pembeni jeusi tii. Kliniki walisema ni mapunye, nikameza dawa ya fangasi mwezi mzima bila nafuu. Msusi wangu anasema ni dawa ya kulainisha nywele. Nywele za mbele nazo zimekuwa fupi, zinakatikakatika. Ndani ya sikio nina vitone vyeusi vigumu. Sasa hospitali ya rufaa wamenikata kipande kidogo cha ngozi, wakasema ni lupus. Lakini dada yangu amesoma kwenye simu kwamba lupus huja na upele wa kipepeo usoni, na uso wangu mimi ni safi kabisa. Je, wamekosea? Na nywele zitarudi? Desemba mdogo wangu anaolewa, nami ndiye wa kusimama naye.

JIBU: Kazi inaenda, dada, asante. Nikujibu la kwanza bila kuzunguka: kwa haya uliyoandika, sidhani wamekosea. Lupus ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Na kilichonishawishi zaidi ni sikio lako kuliko hata kichwa.

Lile bonde la sikio, pale kidole hutua mtu akitaka kuziba kelele, ni mahali ambapo lupus ya ngozi iitwayo diskoidi hupenda kujificha. Vitundu vya vinyweleo hujaa ukoko mkavu, ukawa mweusi. Gamba likibanduka, upande wake wa chini huonekana vijiti vidogo vidogo vilivyosimama, mfano wa misumari mifupi iliyotobolea zulia. Usijaribu kulibandua nyumbani kwa kutaka kuona. Nimekueleza ili ujue tu. Mimi nikiletewa mtu mzima mwenye upara usioeleweka, kabla sijagusa kichwa humwomba ageuze shingo, nikamulika sikio kwa tochi ya simu. Mapunye hayazibi vitundu vya sikio namna hiyo, wala dawa ya saluni.

Sasa habari ya kipepeo. Upele ule upo, na ni wa kweli: hukaa juu ya mashavu mawili na kuvuka pua, bila kugusa mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Ila ni sura moja tu ya ugonjwa wenye sura nyingi, na picha zake nyingi zilipigwa kwenye ngozi nyeupe. Neno lupus lenyewe ni Kilatini, maana yake mbwamwitu. Aliyeliunganisha na neno la wekundu kuupa ugonjwa huu jina lake ni Cazenave, daktari wa Paris, mwaka 1851, na nyuso alizokuwa akitazama ni za Wafaransa. Kwenye ngozi yetu ule wekundu hauonekani kuwa mwekundu. Unakuwa zambarau iliyokolea, au kahawia, au kijivu kama majivu yaliyolowa. Pengine hakuna rangi kabisa, ni joto na uvimbe tu, mgonjwa akisema uso "unawaka". Nilisomea udaktari kwa vitabu vya mashavu ya waridi, na nakiri ilinichukua miaka kuzoesha jicho langu.

Mwimbaji Seal wa Uingereza umemwona, yule mwenye makovu mashavuni? Wengi huku kwetu wakiona picha yake husema ni chale za kabila. Ni lupus ya diskoidi, ileile ya kwako, iliyompata usoni badala ya utosini.

Kuna lupus ya ngozi peke yake, na kuna lupus ya mwili mzima inayoingia kwenye viungo, figo, damu na hata moyo. Zinaweza kukutana kwa mtu mmoja. Kati ya watu 100 wanaoanza na diskoidi, takriban 5 hadi 10 hupata ile ya mwili mzima baadaye, na hatari hupanda mabaka yakiteremka chini ya shingo. Kwa hiyo tarakimu zinakupendelea, lakini hazikuruhusu kukaa bila kupimwa. Nitarudi hapo.

Kwanza nywele, maana ndizo zilizokufanya uandike.

Wewe una matatizo mawili kichwani, si moja, na watu wameyachanganya. La mbele ni jingine, la utosini ni jingine. Zile nywele fupi za kwenye paji, zilizokauka, zisizolala hata uzipake mafuta gani, kwa mwenye lupus huwa ni dalili kwamba ugonjwa uko macho. Unywele unatoka mwembamba na dhaifu, ukipitishwa kitana unavunjika. Mzizi wake lakini ni mzima. Ugonjwa ukitulia, nywele hizo hurudi. Wapo pia ambao nywele hupukutika kichwa chote, wakizikuta nyingi bafuni au kwenye mto wa kulalia. Hao nao hupona vivyo hivyo, kwa subira, kwa sababu unywele hukua kama sentimita moja tu kwa mwezi.

La utosini ni kovu. Seli za kinga zimevamia mzizi wenyewe, zikaufukia. Fanya hivi leo jioni: kaa karibu na dirisha, mpe dada yako simu, mwambie apake tone la maji juu ya baka kisha apige picha ya karibu sana. Ngozi ya kichwa yenye afya inaonyesha vitundu, kila kimoja na unywele wake mmoja au miwili. Kama katikati ya baka ni laini, panang'aa kama karatasi ya nailoni, hakuna hata kitundu, pale nywele hazitarudi, na yeyote atakayekuuzia mafuta ya kuzirudisha anakula pesa yako. Sasa aangalie pembeni, kwenye ule weusi. Hapo utaona vitundu vilivyojaa magamba, pengine ngozi imevimba kidogo, pengine panawasha. Ukingo huo ndio unaopiganiwa. Ngozi pale inawaka moto wa ndani lakini mzizi haujafa, na dawa ikiwahi, unaokolewa. Ikichelewa, baka linapanuka kwa kula ukingo wake. Ndiyo maana mwezi mmoja wa dawa isiyohusika unaniuma kuliko dawa yenyewe.

Simlaumu sana aliyesema mapunye. Baka la duara lenye magamba, kila mtu huku huwaza fangasi, na kwa mtoto wa shule angekuwa sahihi. Kwa mtu mzima mapunye ya kichwa ni nadra zaidi. Yakikataa dawa inabidi mtu ajiulize upya. Tafuta jina la ile dawa uliyomeza. Kama ni terbinafini, mwambie daktari wako, kwa sababu dawa hiyo ni kati ya zinazojulikana kuamsha aina nyingine ya lupus ya ngozi, ile ya pete pete mgongoni, kifuani na mikononi. Baka lako lilitangulia dawa, kwa hiyo siyo iliyolileta, ila wewe usiimeze tena. Septrini nayo, na dawa nyingine za jamii ya salfa, huwasha lupus ya mwili kwa baadhi ya watu. Kila unapofika kliniki kwa ugonjwa mwingine wowote, taja lupus kabla hujaandikiwa.

Kuna mtego mwingine unaonasa wengi kuliko huo: zile krimu za tyubu moja zenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) kwa pamoja. Mtu anapaka, baka linafifia wiki mbili, anashangilia kwamba fangasi wamekufa. Ni steroidi iliyozima moto kidogo. Akiacha, linarudi kubwa. Na waliozoea krimu za kujichubua wana hali mbaya zaidi, kwani nyingine zina steroidi kali, hidrokwinoni au zebaki, vitu viwili vya mwisho vikiwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini na bado vinapatikana. Ngozi iliyochubuliwa ikishapata lupus, hata sisi hupata kazi kutambua nini kimeanza.

Na ukoma. Kumbuka hii ni nchi ambayo kisiwa cha Bwama, ziwani Bunyonyi, kilikuwa makazi ya wagonjwa wa ukoma tangu miaka ya 1930, na wazee bado wana hofu yake. Baka lililopoteza rangi likionekana shavuni au sikioni, minong'ono inaanza. Nimewahi kukutana na kijana aliyehamishiwa kulala jikoni na ndugu zake kwa ajili ya mabaka mawili. Nilichukua pamba, nikaichonga ncha, nikamwambia afumbe macho anyooshe kidole kila ninapomgusa. Hakukosea hata mara moja. Baka la ukoma mara nyingi limekufa ganzi, la lupus linahisi. Kipimo hicho hakitoshi peke yake kumaliza shauri, lakini kilitosha siku hiyo kumrudisha kitandani kwake wakati tukisubiri majibu ya bayopsi, yaani kipande cha ngozi kilichokatwa kwa uchunguzi. Lupus haiambukizi. Si kwa kitana, si kwa taulo, si kwa kulala pamoja. Mwambie msusi wako hivyo, maana naye ana haki ya kujua kabla hajaingiwa na woga.

Tukimgusa msusi: amekosea nusu. Dawa ya kulainisha nywele haileti lupus. Lakini ngozi yenye lupus ina tabia ya kuotesha baka jipya pale inapoumizwa, iwe kwa kukwaruzwa, kuungua au kuvutwa. Kichwa kilichounguzwa na dawa ya saluni, au kilichosukwa kwa kubana mpaka macho yanavutika, ni kichwa kinachoumizwa. Halafu kusuka kwa kubana kuna upara wake wenyewe, wa pembeni kwenye mapanja, na kwa kawaida huacha mstari wa vinywele laini ukingoni kabisa. Wanawake wengi wa kwetu wana vyote viwili. Kwa hiyo dawa acha, kitana cha moto acha, misuko ya kubana acha. Nywele fupi za asili, au mabutu makubwa yaliyolegea, hayo sina ugomvi nayo.

Umeuliza la nywele tu, lakini kwa kuwa lupus hujificha, jikague sehemu nyingine pia. Fungua mdomo mbele ya kioo ukiwa na tochi: kidonda kwenye kaakaa, kwa juu, kisichouma, wagonjwa hawakijui mpaka waambiwe. Tazama mgongo wa vidole. Lupus hukaa kwenye nafasi kati ya kifundo na kifundo, ikaviruka vifundo vyenyewe. Upele ukikaa juu ya vifundo tunafikiria ugonjwa mwingine, wa misuli. Kwa wanaoishi kwenye baridi na unyevu, kama kule Kabale, vidole vya mikono na miguu vinaweza kuota mabonge ya zambarau yanayouma. Nyusi na kope zinaweza kupungua. Kuna lupus inayoshuka kwenye mafuta ya chini ya ngozi: unaanza kwa bonge gumu begani, shavuni au kwenye tako, baadaye panabonyea shimo, na mtu husema ni sindano iliyopigwa vibaya. Kuna inayoota nene na ngumu kama sugu mikononi. Kuna ya malengelenge, hii ni nadra sana, na ajabu yake ni kwamba mara nyingi inatulizwa na dapsoni, dawa ileile ya ukoma. Vipele vinavyofanana na mzio, visivyoondoka ndani ya saa 24 na vinavyoacha alama ya kuvilia damu, navyo vinataka daktari. Sikuorodheshi haya ili uyatafute kila asubuhi. Mara moja inatosha, na kisha uyaseme kliniki.

Vipimo. Cha muhimu kuliko vyote kwako sasa ni cha bei ndogo: mkojo. Figo huanza kuharibika bila maumivu yoyote, na dalili ya mwanzo ni protini kwenye mkojo, ambayo kijiti cha kuchovya hata kwenye kituo cha afya kinaionyesha. Ukiona mkojo una povu lisilokatika, miguu au kope zimevimba asubuhi, usingoje tarehe ya kliniki. Pamoja na mkojo, wapime shinikizo la damu, kreatinini (kipimo cha damu cha figo), na hesabu ya chembe za damu. Kipimo cha ANA, cha damu, kinachotafuta kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe, kitafanywa pia, na hapa watu hupotea pande zote mbili: kinaweza kuwa chanya kwa mtu asiye na lupus, kwa mfano mwenye kifua kikuu, na kinaweza kuwa hasi kwa mwenye diskoidi ya ngozi tu. Bayopsi yako ina uzito zaidi.

Na jambo moja la ndani ya nyumba. Lupus inaweza kukifanya kipimo cha kaswende cha RPR kisome chanya hali mtu hana kaswende. Ndoa zimevunjika kwa karatasi hiyo. Kaswende nayo, kwa upande wake, inaweza kuleta upara wa madoadoa na vidonda mdomoni, kwa hiyo kupimwa kuna maana. Ila jibu likiwa chanya, dai kipimo cha pili cha kuthibitisha kabla mtu yeyote hajamnyooshea mwenzake kidole.

Kwenye dawa, nadhani wameshakuanzishia au watakuanzishia hidroksiklorokwini. Jina linakukumbusha klorokwini, dawa ya malaria ya kabla ya Coartem, iliyokuwa ikiwasha watu mwili mzima mpaka wanalala nje kwenye ubaridi. Ni ndugu wa karibu. Hii nayo huwawasha baadhi ya watu weusi, hivyo ukiwashwa usitupe vidonge, rudi useme. Dozi hupimwa kwa uzito, isizidi miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku: mwenye kilo 60 atamaliza na wastani wa miligramu 300, yaani tembe moja ya 200 leo, mbili kesho. Haifanyi kazi haraka. Wiki 6 hadi 12 ndipo unaanza kuona tofauti, na wengi huiacha wiki ya nne wakidhani ni bandia. Macho yapimwe ndani ya mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano, mapema zaidi kama figo zina tatizo. Ukiona miguu kwenye muundi au kucha zimegeuka bluu ya kijivu baada ya miaka, ni dawa, si ugonjwa mpya. Ukipata mimba usiiache. Ni kati ya dawa chache za lupus tunazotaka mjamzito aendelee nazo. Sigara huchochea mabaka na huonekana kuizuia dawa isifanye kazi vizuri, na moshi wa wengine nao ukae nao mbali.

Juu ya baka lenyewe watakupa steroidi kali ya kupaka, au watachoma sindano ndogo ndogo za steroidi kwenye ukingo. Nimesema vibaya juu ya steroidi za sokoni, na sasa nazisifu. Tofauti ni nani anashika hesabu, wapi inapakwa na kwa muda gani.

Jua. Meza yako ya mitumba iko nje, na Busia iko karibu na ikweta, mita zaidi ya elfu moja juu ya bahari. Miale inayoamsha lupus inapita mawingu, na sehemu yake inapita hata kioo cha taksi. Losheni ya kukinga jua ya SPF 30 kwenda juu ni nzuri ukiimudu, ingawa nyingine zinatuacha tumepauka kama tumeangukia unga. Usipoimudu usilie: turubai lililoshushwa upande wa magharibi, shati la mikono mirefu kutoka kwenye rundo lako mwenyewe, na kofia ya ukingo mpana inayofunika masikio. Kapelo haifuniki masikio. Kwa kuwa utaishi kivulini, kula samaki na mayai, na uulize kliniki kuhusu vitamini D.

Baka lile usilisahau hata likinyamaza. Kovu la zamani la diskoidi, hasa lililopoteza rangi kichwani au kwenye mdomo na linalopigwa jua, linaweza baada ya miaka kuota saratani ya ngozi. Kidonda kisichofunga ndani yake, au kinyama kinachoota, kioneshwe mara moja.

Sasa harusi. Hadi Desemba nywele za mbele zinaweza kuwa zimeanza kusimama. Za katikati ya baka, hapana, na kupandikiza nywele hakuzungumzwi mpaka ugonjwa uwe umelala mwaka mmoja au zaidi, kwa sababu upasuaji wenyewe ni jeraha. Vaa wigi. Chagua yenye utepe wa kurekebisha, isiyobana, juu ya kofia laini ya pamba au satini, na asikubandike mtu kwa gundi, hata akisema ni ya Dubai. Vua ukifika nyumbani, usilale nayo. Au funga kilemba cha kitambaa kilekile cha gomesi yako, kishuke kidogo upande wa sikio, kwa sababu picha za harusi hupigwa nje, saa nane, juani.